Nilivyomtandia Mwenyekiti Nyuzi Bila Uji

Jumapili, baada ya kanisa. Jua kali, vumbi la kutosha, na moyo wangu mtamu kama asali ya Itigi.

Ndiyo mnafika leo? Mmekuwa wapi? Tangu nilipoandika habari ya mwewe aliyechukua kifaranga changu, hakuna hata mmoja aliyepita kuniuliza kama wengine wamebaki. Binti yangu Upendo, ndiye aliyenifungulia ukurasa huu akiwa huko huko Mwanza, alinionyesha mahali pa kuangalia nani kaingia nani katoka. Naangalia kila asubuhi. Hakuna mtu. Ningekuwa nimekufa mngeambiwa na nani? Basi ingieni, msisimame mlangoni kama polisi. Kaeni chini. Leo nina jambo.

Nimelipiza kisasi.

Sitaki kujisingizia wema. Kanisani leo mchungaji kahubiri kusamehe, nami nimesema amina kwa sauti pamoja na wengine. Nilipofika nyumbani nimekaa kwenye kigoda changu nikacheka peke yangu mpaka kuku wakakimbia.

Kwa mgeni asiyenijua: mimi darasa sikuliona. Herufi nilizipata ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, na hadi leo naandika kwa kidole kimoja. Lakini mikono yangu inajua kazi. Nafuma skafu. Nina kitanda kidogo cha kufumia, mbao nne tu, unaweza kukiweka mapajani ukakaa nacho kama mtoto. Katikati kina kichana nilichotengenezewa na fundi kwa spoki za baiskeli. Ukikipandisha nyuzi hizi zinapanda, ukikishusha zinashuka. Alinifundisha mtawa mmoja mzee enzi zile nafagia zahanati ya misheni. Mungu amrehemu, alikuwa mkali kama mimi.

Uzi wa dukani situmii. Nakwenda mnadani, nachambua sweta za mitumba, nazifumua, nafua, nasokota upya. Zile nyuzi za urefu, zinazovutwa kutoka ubao huu hadi ubao ule, ndizo mtande. Ule uzi unaopita kati yake ukienda na kurudi ndio mshindio. Kupitisha mshindio hata mtoto anaweza. Kazi iko kwenye kutanda.

Na sasa nisikilizeni vizuri hapa. Nyuzi za sweta zina manyoya. Ukizitanda karibu karibu zinang'ang'aniana. Kwa hiyo kabla ya kufuma nazinywesha uji. Uji mwembamba wa mtama, bila sukari, napaka kwa kitambaa kutoka mwanzo hadi mwisho, naacha ukauke. Manyoya yanalala, uzi unakuwa na adabu. Skafu ikiisha unaifua, uji unatoka, inabaki laini. Harufu ipo, sikatai. Inanuka kama sufuria iliyolala na ukoko. Lakini bila huo uji huendi popote.

Nyumba hii kuna skafu moja ambayo si ya biashara.

Baba Upendo, marehemu mume wangu, alikuwa mtu wa reli kule Itigi. Asubuhi za kipupwe alitoka na sweta yake ya kahawia, na mimi nilijua anarudi nikiiona ile kahawia inakuja kando ya reli. Alipofariki, siku ya kumaliza msiba nguo zake ziligawiwa ndugu, kama ilivyo desturi yetu. Koti likaenda kwa kaka yake. Suruali zikaenda kwa wapwa. Viatu vilichukuliwa na mtu ambaye hata kidole gumba hakiingii. Sweta ikabaki kwenye mkeka hakuna anayeitaka, kwa sababu ina tundu kwenye kiwiko.

"Mpeni mjane," wakasema.

Haya, mpeni mjane. Nilikaa nayo mwaka mzima naiangalia, halafu nikaifumua. Nikafuma skafu. Haina urembo wowote, kahawia tupu, ila ncha moja ina mistari miwili myembamba myeupe kwa kuwa lile tundu lilikula uzi na kahawia haikutosha. Niliivaa kila asubuhi ya baridi. Wengine wana picha ukutani. Mimi nilikuwa na hiyo.

Sasa tumfikie Mwenyekiti.

Mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama hapa Mandewa ni Mama Gloria. Huyu si mtu baki kwangu. Alipomzaa huyo Gloria, mama yake alikuwa mbali, Kintinku, na mvua imekata njia. Nani alimkanda maji ya moto? Mimi. Nani alimpikia uji wa pilipili na kumfunga tumbo? Mimi. Gloria mwenyewe amenitapikia mgongo huu mara ngapi sijui. Kwa hiyo Mama Gloria alipokuja miezi michache iliyopita akasema, "Mama, niazime ile skafu yako ya kahawia, kuna mgeni wa mradi anatoka Dodoma, nataka aone mfano wa kazi zetu," sikuuliza mara mbili. Niliivua shingoni nikampa ikiwa bado na joto langu.

Siku ya mgeni nilikuwa nyuma, kwenye mafiga, na wanaopika. Nilimsikia kwa masikio yangu haya.

"Hii nimeifuma mwenyewe, kwa mikono yangu."

Halafu akamzungushia mgeni shingoni. Zawadi kutoka kwa kikundi. Makofi. Vigelegele. Na mimi mwiko mkononi.

Skafu ya mume wangu ikapanda gari ikaondoka.

Nilimfuata vumbi la gari likiwa halijatua. Nikamwambia, mwanangu umefanya nini? Akanivuta pembeni, akaongea taratibu kama anaongea na mgonjwa. "Mama, usinitie aibu. Wewe hata ripoti hujui kuandika, wangekuuliza maswali ungejibu nini? Mimi nitakutafutia sweta nyingine."

Sweta nyingine!

Nilirudi nyumbani namtukana kwa Kinyaturu njia nzima, maana kwa Kiswahili matusi yangu hayana nguvu. Nikangoja. Mimi nimengoja treni Itigi siku mbili na mtoto mgongoni, kungoja hakunishindi.

Alhamisi hii iliyopita akaja mwenyewe, soda mkononi, tabasamu lote nje.

Mgeni anarudi Jumamosi, akasema. Safari hii anataka kumwona Mwenyekiti akifuma. Kazi ikimpendeza, mradi utaleta vitanda vya kufumia kwa wasichana wa mtaa wetu. Sasa yeye Mwenyekiti, kwa kuwa ana mambo mengi, hajapata nafasi ya kujifunza kutanda. "Wewe nitandie tu, mama. Mimi nitapitisha uzi mara mbili tatu, watapiga picha, basi."

Ningeweza kumfukuza. Ningeweza kumwagia hiyo soda. Lakini nilisikia moyo wangu unaruka kama mwanambuzi aliyefunguliwa, nikajisikia nasema kwa sauti ya upole kabisa, "Naam, mwanangu. Nitakutandia."

"Utakaa wapi?" nikamuuliza.

"Pale uwanjani, mbele ya turubai, kwenye mwanga. Picha zitatoka vizuri."

"Saa ngapi?"

"Saa nne."

Saa nne, uwanjani, Singida, mwezi huu! Mtu yeyote aliyewahi kuanika mtama hapa anajua saa nne kunatokea nini. Mimi nafuma asubuhi mapema, nyuma ya nyumba, ukuta ukinikinga na upepo. Lakini Mama Gloria kazi zake ni za ndani, madaftari na mikutano, na nyuzi hajawahi kuzitoa nje. Nilifungua mdomo nimwambie. Nikaufunga.

Akaiona sufuria jikoni, mvuke unatoka. Akakunja pua.

"Mama! Usinipakie hayo mauji yako. Yananuka. Yule ni mtu wa ofisini."

"Nisipake kabisa?"

"Usipake kabisa."

"Una hakika, mwanangu?"

"Mama, nisikilize mimi."

Nikamsikiliza yeye.

Ule uji niliunywa mwenyewe, na chumvi kidogo.

Mtu asije akasema nilimharibia. Ule mtande niliutanda vizuri kuliko nilivyowahi kutanda maisha yangu yote. Sikuruka uzi. Sikulegeza, sikukaza kupita kiasi, sikukata kitu kwa siri. Kila uzi ulikaa kwenye nafasi yake kama watoto wa shule mstarini. Nilifanya alichosema, mahali aliposema, kwa saa aliyosema. Hapa tu ndipo nitakapotubu kidogo: kati ya sweta zote nilizokuwa nazo, mkono wangu uliiendea ile nyekundu, yenye manyoya marefu kama paka. Sikuutuma. Ulikwenda.

Jumamosi nilivaa kitenge changu kizuri nikakaa mstari wa tatu, karibu na Mama Shabani anayeuza karanga, ambaye habari ya ripoti nilishamsimulia. Mgeni akashuka kwenye gari. Shingoni kavaa skafu yangu. Niliiona ile mistari miwili myeupe, nikataka kusimama, nikajizuia.

Mama Gloria akakaa kwenye kigoda changu, maana nacho alikiazima. Vitenge vipya, nywele zimesukwa, kitanda changu mapajani. Akapandisha kichana, akapitisha uzi. Vizuri. Akashusha, akarudisha. Vizuri. Simu zikainuka juu kupiga picha. Nilianza kuogopa. Nikasema moyoni, Bwana wee, usiniangushe.

Upepo ukaja.

Ulianza na vumbi, halafu makapi ya alizeti kutoka kule kwenye mashine ya mafuta, halafu turubai likapiga makofi lenyewe. Zile nyuzi nyekundu zikainuka manyoya yote. Zikashikana. Mama Gloria akapandisha kichana, hakipandi. Akavuta. Uzi ukakatika, tak! Akacheka kidogo. Akavuta tena. Tak! Akaanza kuzitenganisha kwa kucha, na kila alipotenganisha mbili zinashikana sita. Makapi yamemjaa kwenye nywele.

"Zinashikana tu kidogo," anamwambia mgeni. "Kidogo tu."

"Mwenyekiti," Mama Shabani akapaza sauti, "hebu ziandikie ripoti!"

Uwanja mzima ukacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa natafuna karanga.

Mgeni, mama mstaarabu, akainama akauliza, "Uzi ukikatika hivi mnauunganishaje?"

Mama Gloria akaachia kichana. Akageuka kututazama, anatafuta, mpaka macho yake yakanipata.

"Mama. Njoo unisaidie."

"Mimi, mwanangu?" nikasema, na sauti nilihakikisha imefika hadi kwenye gari. "Mimi ambaye hata ripoti sijui kuandika?"

"Mama, tafadhali."

"Sema kwanza hiyo skafu shingoni mwa mgeni ni ya nani."

Akasema kitu, midomo inatikisika tu.

"Sauti, mwanangu. Upepo unaichukua."

"Ni ya Mama Upendo!"

"Kaifuma nani?"

"Mama Upendo."

Hapo sikujizuia tena. Nilisimama nikamwendea mgeni, nikamshika ncha ya skafu nikamwonyesha. Nikamwambia hii ilikuwa sweta ya mume wangu, na hii mistari myeupe ni mahali palipokuwa na tundu la kiwiko. Aliivua akanipa kwa mikono miwili, na macho yake yalikuwa yamelowa.

Wengine wangesema mwachie mgeni, ndiyo adabu. Sikumwachia. Niliivaa pale pale, jua linaniunguza shingo. Inanuka manukato ya watu.

Kisha nikarudi kukaa. Zile nyuzi sikuzigusa. Ningeweza kuziunganisha, kufumba na kufumbua tu, mbele ya wote, na mgeni angeona kazi. Nilitaka zibaki vile zilivyo, wazione, mpaka mtu wa mwisho ashibe. Mgeni akaandika kitu kwenye daftari lake, akasema kwa upole kikundi kijipange kwanza, halafu wataona. Akapanda gari.

Na hapa ndipo utamu ulipoingia mchanga.

Kuna binti wa jirani yangu, Salome, ana mtoto mchanga, baba wa mtoto hajulikani alipo. Alikuwa amekaa mstari wa mbele tangu saa mbili, gauni limefuliwa, mtoto kapakwa mafuta anang'aa. Watu wote walipocheka yeye hakucheka. Gari lilipoondoka akanifuata.

"Bibi, kwa hiyo vitanda haviji?"

Nilimtazama yule mtoto anavyong'aa mafuta nikasema, "Nenda nyumbani, mjukuu wangu, jua kali." Ndiyo yote niliyoweza.

Kwa siku ile moja nilimsahau Salome kabisa. Niandike hivyo hivyo, maana ni kweli. Nilikuwa nimeikodolea macho shingo ya mgeni.

Leo nimetoka kanisani nimecheka na kuku, nimeshawaambia. Kicheko hakijaisha, nikasikia hodi. Mama Gloria. Hana vitenge vipya, kajifunga khanga, macho yamevimba.

"Shikamoo, mama."

Niliiacha shikamoo yake hewani. Nikafagia kidogo. Nikasogeza ndoo. Mnajua jinsi hilo lilivyo zito kwetu. Halafu nikasema marahaba, maana mgongo huu umembebea mtoto.

"Umenidhalilisha, mama."

"Ndiyo."

"Ulijua kuhusu upepo."

"Nilijua."

"Na uji ulijua."

"Uji nilikuuliza mara mbili."

Akalia. Nikamwacha alie, sikumpiga mgongo, sikumwambia basi basi. Lakini niliona anaitupia macho sufuria yangu nikajua tangu jana hajala, na mtu anayelia na njaa analia vibaya. Nikampakulia ugali wa mtama na mlenda. Alikula wote, akakomba bakuli. Nikamwongeza.

Aliposhiba nikampa hukumu yake.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi Salome na wenzake watatu wanakuja nyuma ya nyumba yangu. Kitanda ni kimoja, tutapokezana. Fundi wa spoki nimeshaongea naye, mbao chakavu anazo. Na Mama Gloria naye atakuja. Hatafuma. Atakaa mkekani afumue sweta, asokote uzi, na sufuria ya uji ataikoroga yeye, pua yake imekunjwa au haikukunjwa. Ataifanya kazi hiyo mpaka mimi niseme basi, na sitasema upesi.

"Na ripoti," nikamwambia. "Si unaijua? Leo utamwandikia yule mama wa Dodoma. Utaandika nani anafuma hapa Mandewa. Jina langu juu, la Salome chini yangu, na hao wengine. Lako usiweke."

"Hata kama mwandishi, mama?"

"Hata kama mwandishi."

Akainamisha kichwa. Akaandika hapo hapo, kwenye meza yangu ya vyombo. Nilimnyang'anya karatasi nikaisoma mwenyewe, herufi kwa herufi, kidole chini ya kila neno. Ilinichukua muda mrefu mno. Alingoja amesimama. Jina langu alikuwa amelikosea, nikamrudishia aandike upya.

Sijamsamehe. Amina ya kanisani ilikuwa ya kanisani.

Najiuliza tu hivi: nilimkosea Salome? Ndiyo, na nitamlipa kwa mikono, asubuhi kwa asubuhi. Nilimkosea Mama Gloria? Nimejitafuta tangu alipoondoka, nimegeuza kila kona, sijaona mahali panapouma. Ingekuwa Jumamosi tena kesho, ningemtandia tena, na safari hii mkono ningeutuma mwenyewe kwenye ile sweta nyekundu.

Sasa nyie mnaonitoroka. Siku mkirudi hapa, kila mmoja aje na jina la mtu aliyeifuma au kuishona nguo aliyovaa. Jina, si duka. Usipolijua usiniandikie kitu. Kaulize kwanza, ndipo uje.